Mapishi ya matunda na mboga za kiangazi Handeni na Korogwe

Mapishi ya matunda na mboga za kiangazi Handeni na Korogwe ni namna ambavyo kaya za wilaya hizo mbili za Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania, hupika, hula na kuhifadhi mazao ya miti ya matunda, bustani na mimea ya porini tangu mvua za vuli zinapokatika hadi masika yanapoanza. Wenyeji wengi wa Handeni ni Wazigua. Korogwe wanaishi Wazigua, Wasambaa na Wabondei, pamoja na wazao wa wafanyakazi walioletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka sehemu nyingi za nchi na nje yake.

Jambo linalotawala mapishi haya ni kwamba vyakula havifiki kwa pamoja. Matunda mengi huiva wakati mboga za majani zinanyauka, na mboga za majani hurudi kwa wingi wakati unga umekaribia kwisha ghalani. Sehemu kubwa ya ujuzi wa jikoni katika wilaya hizi ni ujuzi wa kuziba mapengo hayo mawili.

Mazingira na majira

Handeni ni nchi ya vilima vifupi, mbuga na vichaka. Mji wake uko kwenye mwinuko wa karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na maji yamekuwa tatizo la muda mrefu katika vijiji vyake vingi. Mji wa Korogwe uko chini zaidi, karibu mita 300, kando ya mto Pangani ambao sehemu hizo huitwa pia Ruvu. Nyuma yake Milima ya Usambara hupanda ghafla. Bungu, Vugiri na Dindira ziko milimani lakini zimo ndani ya Wilaya ya Korogwe, kwa hiyo mtu anaweza kutoka kwenye joto la mkonge asubuhi na kufika kwenye mashamba ya chai kabla ya mchana.

Mvua hunyesha kwa misimu miwili. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, masika kati ya Machi na Mei. Katikati, Januari na Februari, ni kiangazi chenyewe: jua kali, upepo wa kaskazi na visima kushuka. Kipindi cha Juni hadi Agosti nacho ni kikavu, lakini kina ubaridi na huitwa kipupwe. Vuli haitegemeki sana upande wa Handeni. Ikinyesha vizuri, familia huvuna mahindi na kunde mwanzoni mwa mwaka. Ikikosekana, husubiri mavuno ya masika ambayo hukamilika Julai au Agosti.

Tofauti ya mlima na nyika ni ya zamani katika fikra za watu wa huko. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake kuhusu ufalme wa Wasambaa kilichotolewa mwaka 1974, alieleza jinsi Wasambaa walivyotenganisha nchi ya milimani yenye mvua na migomba na nchi ya nyika iliyo chini, kavu na yenye joto. Vijiji vingi vilijengwa karibu na ukingo wa mlima ili watu waweze kulima pande zote mbili. Mvua ikikosekana upande mmoja, upande wa pili ulisaidia. Hata sasa kikapu cha mboga kinachoshuka kutoka Bungu kwenda Korogwe kinafuata mantiki hiyohiyo.

Njaa ya mboga na njaa ya unga

Watu wa nje huona mti uliojaa maembe wakadhani hakuna shida. Lakini Januari na Februari, ambapo maembe huoza chini ya miti, mchicha wa bustani hutaka kumwagiliwa kila siku, matembele hukakamaa na majani ya kunde huisha. Unga bado unaweza kuwapo. Kinachokosekana ni kitoweo cha kuulia. Baada ya mvua za kwanza za masika hali hugeuka. Ndani ya wiki chache magugu yanayoliwa huota shambani, kandokando ya njia na nyuma ya nyumba, na mboga hupatikana bila fedha. Wakati huo ndipo ghala la mahindi huwa tupu, hasa kwa waliokosa mavuno ya vuli.

Hofu ya njaa ina historia ndefu Handeni. Kitabu cha mwanahistoria James Giblin kuhusu kaskazini mashariki mwa Tanzania, kilichotolewa mwaka 1992 na kinachohusu miaka ya 1840 hadi 1940, kinaishughulikia kama moja ya mada zake kuu. Kabla ya hapo, katika njaa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi waliishia utumwani kwenye pwani ya Somalia. Wazao wao katika bonde la mto Juba waliendelea kuzungumza Kizigua, na baadhi yao waliokimbia vita vya Somalia walipewa makazi Chogo, ndani ya Wilaya ya Handeni. Ni vigumu kuelewa thamani ya majani machungu na matunda ya porini katika jiko la Wazigua bila kukumbuka mambo haya.

Maembe

Mwembe ulitoka Asia ya Kusini na umekuwapo pwani ya Afrika ya Mashariki kwa karne nyingi. Katika Handeni na Korogwe maembe huanza kukomaa mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Februari. Aina zinazojulikana ni dodo, bolibo na sindano, pamoja na maembe madogo ya kienyeji yenye nyuzi nyingi ambayo watoto huyafyonza baada ya kuyaminya.

Embe bichi ni kiungo cha jikoni zaidi kuliko tunda. Hukatwa vipande na kuliwa kwa chumvi na pilipili, au hukunwa na kuchanganywa na nazi, pilipili na chumvi kuwa chatini ya kulia wali au mihogo ya kuchemsha. Kazi yake kubwa ni kutia ukali kwenye mchuzi wa samaki. Samaki wakavu, kama vile ng'onda kutoka pwani au perege wa kukausha, huoshwa na kuloweshwa ili kupunguza chumvi. Kitunguu na nyanya hukaangwa, kisha hutiwa tui jepesi, yaani lile la kukamua mara ya pili, pamoja na vipande vya embe. Samaki huingia embe likianza kulainika. Tui zito hutiwa mwisho kabisa na mchuzi hukorogwa polepole bila kuachwa uchemke kwa nguvu, kwa sababu tui likichemka sana pamoja na kitu kikali hukatika na mafuta yakajitenga.

Ukali huo una upande wake mwingine. Asidi huchelewesha kulainika kwa vyakula vigumu, kwa hiyo embe bichi, ndimu au ukwaju havitiwi kwenye sufuria ya kunde au mbaazi kabla hazijaiva. Mpishi mgeni anayefanya hivyo atamaliza kuni zake na kunde bado ngumu.

Maembe yaliyokomaa lakini hayajaiva huvumbikwa. Hupangwa ndani ya chungu, kikapu, gunia au shimo dogo na kufunikwa kwa nyasi kavu, majani ya migomba au majivu, kisha huachwa siku kadhaa. Tunda linaloanza kuiva hutoa gesi ya etilini, na gesi hiyo ikifungiwa huharakisha kuiva kwa matunda yaliyo jirani. Njia hii huwawezesha watu kuangua maembe mapema, kabla ya ndege, nyani na nzi wa matunda. Sababu hiyo ya mwisho imepata uzito mpya tangu nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, alipogunduliwa kwa mara ya kwanza barani Afrika nchini Kenya mwaka 2003 na kuenea haraka katika nchi za jirani, Tanzania ikiwamo. Jike hutaga mayai chini ya ganda la tunda linaloiva, na funza hulioza kutoka ndani huku nje likionekana zima. Maembe yaliyoanguka yakiachwa chini ya mti huwa kitalu cha kizazi kinachofuata cha nzi, ndiyo maana wakulima hushauriwa kuyaokota na kuyafukia kwa kina au kuyafunga kwenye mfuko mweusi juani.

Achari ya embe ilitoka kwa jamii za Kihindi na za Waswahili wa pwani ikapanda hadi bara. Vipande vya embe bichi hupakwa chumvi, huanikwa juani mpaka vinywee, kisha huchanganywa na pilipili, bizari na mafuta na kuwekwa kwenye chupa. Hudumu kwa miezi, hivyo ni njia mojawapo ya kulila embe la Januari mwezi wa Mei.

Fenesi, shelisheli na matunda ya milimani

Mfenesi hustawi zaidi upande wa Korogwe, hasa kwenye miteremko ya Usambara na mabonde yenye unyevu. Fenesi bivu huliwa lilivyo. Kabla ya kulipasua, kisu na mikono hupakwa mafuta ya kula, kwa kuwa utomvu wake hunata na hautoki kwa maji. Kokwa hazitupwi: huchemshwa kwa chumvi kwa karibu nusu saa, humenywa ganda la nje na kuliwa pamoja na chai ya asubuhi, au hupikwa kwa tui kama maharage. Huwa na wanga mwingi, na tunda moja kubwa linaweza kutoa kokwa za kutosha kifungua kinywa cha familia. Fenesi changa, kabla halijaanza kunukia, hukatwa vipande, huchemshwa na kuungwa kwa nazi na viungo kama kitoweo.

Shelisheli humenywa, hukatwa na kuchemshwa kama viazi, kisha huungwa kwa tui na chumvi. Lililokomaa sana hukaangwa vipande vyembamba.

Kutoka milima ya Lushoto hushuka plamu, kwa kawaida kuanzia Desemba, na baadaye peasi. Matunda haya huliwa mabichi; katika kaya za tambarare hayajapata nafasi kubwa jikoni, labda kwa sababu hufika kama bidhaa ya kununua na si kitu cha kuangua uani. Machungwa, ambayo yameipa sifa wilaya jirani ya Muheza na hulimwa pia sehemu za Handeni zilizo karibu na Segera na Kabuku, huwa na msimu wake mkubwa katikati ya mwaka, nje ya kiangazi.

Matunda ya porini

Vichaka vya Handeni vina matunda yasiyolimwa na mtu. Ukwaju na ubuyu huvunwa katika miezi mikavu ya katikati ya mwaka, lakini kwa kuwa hukaa bila kuoza, hutumika kiangazi chote. Ukwaju huloweshwa, hupondwa na kuchujwa, kisha maji yake hutiwa kwenye uji, mchuzi au kinywaji chenye sukari. Unga wa ubuyu hukorogwa kwenye maji au uji. Mibuyu huonekana kwa wingi kwenye tambarare kavu upande wa Mombo na kuendelea magharibi, na majani yake machanga nayo huliwa kama mboga.

Mabungo ni matunda ya mmea unaotambaa juu ya miti. Yana ganda la rangi ya chungwa na nyama kali iliyoshikamana na mbegu. Juisi yake hutengenezwa kwa kusugua mbegu ndani ya maji mpaka nyama iachie, kisha kuchuja na kutia sukari. Mashine ya kusagia haifai sana, kwani mbegu zikivunjika juisi huwa chungu. Viru, kunazi, zambarau na topetope mwitu huliwa zaidi na watoto na wachungaji wakiwa njiani, na kwa nadra hufika sokoni. Hata hivyo ni chakula: mtoto anayechunga mbuzi kutwa hupata sehemu kubwa ya mlo wake wa mchana kutoka kwenye miti hiyo.

Mboga za majani

Mchunga (Launaea cornuta) ndio mboga inayotajwa kwanza watu wa Tanga wanapozungumza juu ya mboga za kwao. Huota wenyewe mashambani na mizizi yake huishi ardhini, kwa hiyo huchipua tena hata baada ya kulimiwa. Majani ni machungu. Huoshwa, huchemshwa kwa maji mengi, maji humwagwa, na majani hukamuliwa kwa mikono. Wengine hurudia mara ya pili. Wanaoupenda hasa huacha uchungu kiasi. Kisha hukaangwa kwa kitunguu na nyanya na kuungwa kwa tui zito la nazi au karanga zilizotwangwa. Huliwa kwa ugali wa mahindi au kwa bada, yaani ugali wa muhogo. Watu wengi husema mchunga hutibu homa na maumivu ya tumbo. Hiyo ni matumizi ya dawa za kienyeji, na haiondoi haja ya kwenda zahanati mtu akiwa na homa.

Mnavu hupikwa kwa njia inayofanana, majani machanga tu, bila matunda mabichi ya kijani ambayo yana sumu. Kishonanguo, ambacho Wasambaa hukiita mbwembwe, huchumwa kikiwa kichanga kabla hakijatoa mbegu zake zinazonasa kwenye nguo. Mara nyingi majani haya huchanganywa katika sufuria moja, uchungu wa moja ukipunguzwa na utamu wa mchicha au kunde.

Msusa, yaani majani ya maboga, huhitaji kumenywa nyuzi kwenye vikonyo kabla ya kukatwa. Mlenda hupikwa kwa majani yanayoteleza, mara nyingi pamoja na bamia, na hukorogwa kwa upekecho. Wapishi wengi hutia magadi kidogo ili majani yalainike upesi na kubaki ya kijani. Magadi hufanya kazi hiyo kweli, kinyume cha ukali wa embe au ndimu, lakini pia huharibu vitamini C na vitamini B1, kwa hiyo kadiri yanavyopungua ndivyo mboga inavyobaki na faida zaidi.

Wakati majani mengine yote yamekauka, kisamvu hubaki. Mzizi wa muhogo huiwezesha mimea hiyo kuvumilia ukame, na mashina hutoa majani machanga hata Februari. Kisamvu hutwangwa kwenye kinu mpaka kiwe laini, kisha huchemshwa muda mrefu bila kufunikwa, na mwisho huungwa kwa karanga au nazi. Kutwanga si kwa ajili ya ulaini peke yake. Majani na mizizi ya muhogo huwa na kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi. Majani yakipondwa, kimeng'enya kilichomo huivunja kemikali hiyo, na sumu inayotoka huondoka kama mvuke wakati wa kuchemsha. Majani yaliyokatwa tu kwa kisu na kupikwa haraka hubakiza sumu zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, mihogo michungu huloweshwa au huvundikwa na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa kuwa unga wa bada. Mwaka wa njaa ndio wenye hatari kubwa, kwa kuwa mwenye njaa hufupisha siku za kulowesha.

Kuna pia kisamvu cha mpira, kinachotoka kwenye mti Manihot glaziovii. Mti huu, ndugu wa muhogo kutoka Brazil, ulipandwa kwa wingi katika mashamba ya Tanga wakati wa utawala wa Wajerumani ili kutoa mpira. Biashara hiyo ilianguka bei ya mpira iliposhuka mwaka 1913, lakini miti ilibaki kwenye mipaka ya mashamba na nyuma ya nyumba, na wanawake wakaigeuza kuwa mboga. Mti huohuo ulisaidia muhogo kwa njia nyingine. Katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902 kwenye Usambara ya Mashariki, watafiti Storey na Nichols walianza miaka ya 1930 kuuchanganya kwa uzazi na muhogo wa kawaida ili kupata mbegu zinazostahimili ugonjwa wa batobato. Kizazi cha mbegu hizo kilitumika baadaye katika utafiti wa muhogo sehemu nyingine za Afrika.

Ngogwe, bamia na mbaazi

Nyanya chungu huitwa ngogwe katika sehemu nyingi za Tanga. Zinavumilia ukame kuliko nyanya za kawaida na hupikwa pamoja na bamia, dagaa au samaki wakavu. Mbaazi hupandwa pamoja na mahindi ya masika na huwa tayari baada ya mahindi kuvunwa. Zikikauka huhifadhiwa na kuliwa hadi kiangazi. Mbaazi za nazi ni kifungua kinywa kinachojulikana Tanga yote, zikiliwa kwa mkate, mahamri au mihogo. Kunde na maharage hupikwa pamoja na mahindi kuwa kande, ambalo pwani huitwa pure. Ni chakula cha siku ambayo hakuna mboga, kwa sababu chenyewe kina kila kitu ndani ya chungu kimoja.

Kaya za mashamba ya mkonge zilichangia mchanganyiko huu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na baadaye mashamba ya Korogwe, Hale na Mnyuzi yalivuta maelfu ya vibarua, maarufu kama manamba, kutoka mbali. Walipewa posho ya unga, lakini mboga walizitafuta wenyewe, kwenye bustani ndogo na kwenye magugu ya kandokando ya mkonge.

Masoko na njia

Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ndiyo iliyoifanya Korogwe kuwa mji wa biashara. Siku hizi barabara kuu ya Chalinze, Segera na Moshi inabeba sehemu kubwa ya matunda. Mombo, iliyo ndani ya Wilaya ya Korogwe, ni mahali ambapo barabara ya kutoka Lushoto na Soni inaungana na barabara hiyo, hivyo kabeji, karoti, hoho na plamu za milimani hukutana hapo na mpunga, maembe na matikiti ya tambarare. Wachuuzi huyauza kwa mafungu na ndoo kwa abiria wa mabasi.

Barabara za Korogwe hadi Handeni na Handeni hadi Mkata ziliwekwa lami katika miaka ya 2010. Tangu hapo mboga za milimani hufika mji wa Handeni zikiwa bado mbichi, hata kiangazi, kwa mwenye fedha. Vijijini bado siku ya gulio ndiyo siku ya kununua nyanya na vitunguu, na siku zilizobaki hupikwa kilichopo.

Kukausha mboga

Baadhi ya kaya hukausha majani ya kunde, msusa na mlenda mwishoni mwa masika ili yaliwe mboga zinapoadimika. Majani huchaguliwa, huoshwa na kuchovywa kwenye maji ya moto yenye chumvi kidogo kwa dakika chache, kisha hutandazwa juu ya ungo, mkeka au kichanja. Kuyachovya huzuia yasiendelee kuharibika yakiwa yamehifadhiwa. Jua kali la moja kwa moja hukausha upesi lakini huharibu karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kivuli chenye upepo, au kikaushio cha jua chenye mfuniko unaozuia mwanga, huhifadhi sehemu kubwa zaidi. Maembe yaliyokatwa vipande vyembamba hukaushwa vivyo hivyo. Mboga kavu huwekwa kwenye chombo kinachofungwa vizuri, na hupikwa kwa kuloweshwa kwanza kisha kuungwa kwa karanga.

Lishe

Embe bivu na majani ya kijani kibichi ni vyanzo vikuu vya karotini katika mlo wa wilaya hizi. Karotini hufyonzwa vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta, kwa hiyo nazi au karanga kwenye kisamvu ni zaidi ya ladha. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani na kunde hufyonzwa kwa shida, lakini tunda lenye vitamini C likiliwa katika mlo uleule husaidia. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hufanya kinyume. Kwa wajawazito na watoto wadogo, embe au chungwa baada ya ugali na mchunga lina faida kubwa kuliko linapoliwa peke yake saa nyingine.

Ramadhani

Kwa kuwa mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, futari hubadilika kadiri miaka inavyopita. Msingi wake ni uleule: mihogo, magimbi, viazi vitamu au ndizi mbichi zilizoungwa kwa nazi, pamoja na uji. Ramadhani inapoangukia kiangazi, juisi ya ukwaju au mabungo na maembe huchukua nafasi kubwa mezani, na mahitaji ya nazi hupandisha bei yake sokoni. Majirani Wakristo, walio wengi katika baadhi ya vijiji vya milimani, hufaidika na biashara hiyo kwa kushusha magimbi na ndizi.

Mabadiliko

Mafuta ya kula ya dukani yamechukua nafasi ya nazi katika kaya nyingi za Handeni, kwa kuwa nazi hutoka pwani na bei yake hupanda. Kabeji na sukumawiki zimeenea, hasa mijini, na vijana wengi waliokulia mjini hawazitambui mboga za porini zaidi ya mchunga na mnavu. Kufyekwa kwa vichaka kwa ajili ya mashamba na mkaa kumepunguza miti ya matunda pori karibu na vijiji, na wachumaji huenda mbali zaidi kuliko zamani.

Dawa za kuua magugu nazo zinabadilisha mambo. Mkulima aliyezoea kupalilia kwa jembe aliacha mchunga, mnavu na mbwembwe vikue kidogo kabla ya kuvichuma, na palizi yenyewe ilikuwa pia siku ya kupata mboga. Shamba likinyunyiziwa dawa, mboga hizo hufa pamoja na magugu mengine, na zile zinazobaki hai kwa siku chache hazifai kuliwa. Kwa kaya inayolima kwa dawa, mboga ya mwanzo wa masika, iliyokuwa bure, sasa hutafutwa kwenye mipaka ya mashamba, kandokando ya mito au gulioni kwa fedha, katika miezi ileile ambayo fedha nyingi huishia kwenye unga.